Hatua Ambayo Haikuandikwa

Mke wangu alikuwa mwalimu wa darasa la nne kwa miaka kumi na tisa, halafu sauti ikamwishia. Hakuamka siku moja akajikuta bubu. Sauti iliisha kama kipande cha sabuni, leo kidogo, kesho kidogo, mpaka unanyoosha mkono kwenye kisahani unakuta utelezi mtupu. Daktari alimmulika kooni, akaona vinundu, akamwambia apumzike. Akapumzika mihula miwili. Aliporudi, watoto wa mstari wa nyuma wakawa wanamwambia, "Mwalimu, hatusikii," wala haukuwa utovu wa adabu. Hawakusikia kweli. Akaacha mwenyewe kabla ya kuachishwa.

Siku hizi anaongea kwa mnong'ono, na ukitaka kumsikia lazima uzime redio. Mtaani bado wanamwita Mwalimu, na mimi humwita hivyo hivyo hata tukiwa wawili. Yeye huniita Fundi, kwa sababu natengeneza viti na meza. Mama yake, ambaye tunaishi naye, hutuita sote "nyie watu".

Baada ya kuacha shule alikaa nyumbani miezi kadhaa akifuta vumbi ambalo halikuwepo. Kisha akajiandikisha kwenye chuo kidogo kilichoko juu ya duka la rangi, akasoma mambo ya kompyuta pamoja na watu ambao kwa umri wangeweza kuwa wanafunzi wake, na wawili kati yao walikuwa wanafunzi wake kweli. Alirudi nyumbani ananuka rangi na kichwa kinamuuma. Mwaka uliofuata akapata kazi kwenye kampuni inayotengeneza kiunzi cha tovuti.

Neno hilo kiunzi mimi nalielewa kwa mbao. Mtu akija karakana kwangu anataka meza, sianzi kwa kukata mti. Nina miguu iliyokwisha kuchongwa, nina fremu, nina vipimo nilivyovichora ukutani. Kazi ya wiki mbili naimaliza kwa siku mbili. Hao nao wametengeneza miguu na fremu za tovuti, wakaziacha wazi ili kila mtu popote alipo achukue bure ajengee yake. Kazi ya mke wangu ilikuwa kuandika mwongozo wa wanaoanza, hatua kwa hatua, kwa mtu ambaye hajawahi kugusa kitu hicho maishani, na kujibu barua za waliokwama.

Barua zilikuja kila wiki, mbili au tatu. Nilizizoea kwa sababu alizisoma kwa mnong'ono wake akinywa chai ya asubuhi. "Nimeandika kama mlivyosema, lakini kompyuta inasema haijui neno hilo." "Nimekwama mwanzoni kabisa, samahani kwa usumbufu." "Labda mimi sina akili ya mambo haya." Karibu wote waliomba samahani, na hilo ndilo lililomchosha kuliko wingi wa barua zenyewe. Kabla yake zilikuwa zikijibiwa na injinia mmoja wanayemwita Haraka, na jibu lake lilikuwa mstari mmoja: soma mwongozo vizuri. Mke wangu hakuweza kuandika hivyo. Alimwandikia kila mmoja barua nzima, akamwambia aangalie herufi moja moja, aangalie nafasi kati ya maneno, ajaribu tena taratibu. Wachache walijibu kwamba wamejaribu na hali ni ile ile. Wengi walinyamaza, naye akajipa moyo kwamba aliyenyamaza amefaulu.

"Kinakuchosha nini hivyo," mama yake alimuuliza jioni moja, "na umekaa kitako kutwa nzima?"

"Kufundisha, mama."

"Unamfundisha nani? Ulikuwa na watoto arobaini na tano, sasa unafundisha kioo."

"Nyuma ya kioo wapo watu."

"Basi waambie watoke huko waje kuosha vyombo."

Mwaka huu kampuni ilikuwa inajiandaa kutoa toleo jipya la kiunzi chao. Mkuu wao alimwita mke wangu ofisini kwake. Si mtu mbaya yule, ni mtu aliyechoka kama wengine, mwenye mifuko chini ya macho na tabia ya kufunga mlango polepole. Akamwambia kwamba mwongozo wa wanaoanza una kurasa arobaini, kwamba hakuna ushahidi kuwa yupo mtu aliyewahi kuumaliza, na kwamba barua za waliokwama hazipungui. Kwa hiyo toleo jipya litatoka bila mwongozo huo. Kitabaki kitabu cha marejeo cha wale wanaojua. Hakusema kwamba mwandishi wa mwongozo naye hatakuwa na kazi. Hakuwa na haja ya kusema.

Mke wangu akaomba jambo moja. Akimleta mtu asiyejua lolote, mtu huyo akakaa na mwongozo peke yake bila kusaidiwa, akafika mwisho, mwongozo ubaki. Mkuu alifikiri akakubali, akaweka sharti: jaribio lifanyike pale pale ofisini, kwenye kompyuta mpya itakayotolewa ndani ya boksi mbele ya watu wote, ili mtu asije akaitengeneza mapema kwa siri. Akampa wiki tatu.

"Utampeleka nani?" nikamuuliza aliponisimulia.

Akaniangalia tu.

"Hapana," nikasema.

"Umesoma mpaka darasa la saba. Hujawahi kuandika hata jina lako kwenye kompyuta. Na ukisoma, unasoma kila neno, hurukiruki. Nimezunguka mtaa mzima kwa mawazo, sijaona wa kukushinda."

"Mwalimu, mimi mbele za watu natetemeka. Siku ya harusi yetu nilishindwa kutaja jina langu."

"Nakumbuka. Nilikutajia mimi."

Mama yake akapokea kutoka jikoni. "Makubwa! Asiye na sauti ndiye anayemsemea mwenye sauti. Nyie watu mna mambo."

Tulianza Jumamosi ya wiki ile ile mchana, nilipofunga karakana. Nilinawa gundi mikononi, nikakaa kwenye meza niliyomtengenezea mwenyewe, mbele ya kompyuta aliyopewa na ofisi siku alipoajiriwa. Yeye alikaa nyuma yangu kwenye kigoda, mikono kaibana katikati ya magoti, kwa sababu alijiwekea mwiko: asiseme neno, asinionyeshe kwa kidole, aandike tu kwenye daftari kila ninapokwama. Kukaa hivyo kulimuuma. Nilimsikia akivuta pumzi kila nilipogusa kitufe kisichostahili.

Nilikwama sana. Hatua ya pili ilisema nihamie kwenye folda yangu. Nikauliza, ipi? Hakujibu, aliandika. Hatua ya nne ilisema matokeo yataonekana kama kawaida. Nikasema, kawaida ya nani? Akaandika. Hatua ya sita ilikuwa na maneno "ni rahisi tu", na hapo nikajaribu mara tano nisiweze, nikajisikia vibaya mpaka masikio yakapata moto.

"Hapa pamenivunja," nikamwambia bila kugeuka. "Kama ni rahisi tu na mimi siwezi, basi mimi ni mtu wa namna gani?"

Kisha nikasikia kalamu ikikwaruza kwa nguvu. Jumapili yake niliona amefuta neno hilo "rahisi" kila mahali, kurasa zote arobaini, na "tu" zote, na "bila shaka" zote. Aliniambia kwamba kwa miaka minne alikuwa akidhani anawatia watu moyo.

Kisha tukafika kwenye msimbo, ndiyo yale maandishi yanayoiambia kompyuta la kufanya. Mfano wa kwenye mwongozo ulikuwa maktaba ndogo, yenye vitabu na watu wanaoazima. Mainjinia waliouandika walivipa vitu majina ya herufi moja moja. Kulikuwa na k, kukawa na kk, kukawa na m na m2. Nilitazama mistari ile nikaona kama uzio uliovunjika.

"Hii k unadhani ni nini?" Hapo alivunja mwiko wake akauliza, kwa sababu alitaka kujua kweli.

"Kabati?"

"Ni kitabu kimoja. Na kk ni vitabu vyote."

"Na anayesoma anajuaje?"

"Hajui. Anayejua ni aliyeandika, naye ameshasahau."

Nikamkumbusha kiti cha yule mshonaji mnene. Zamani nilikuwa nikitia alama vipande vyangu kwa chaki, A na B na C. Nikavilaza wiki nzima nikimsubiri mteja alete kitambaa, nikarudi siikumbuki B ni ipi. Nikaunga kwa kubahatisha. Miguu ya mbele ikakaa nyuma, na mshonaji wa watu alipokaa mara ya kwanza akaenda chini na chai yake. Tangu siku hiyo naandika kwenye mbao maneno kamili: nyuma kushoto, mbele kulia, mkono wa kuume. Inachukua muda zaidi, lakini hakuna aliyeanguka tena.

Jumatatu yake alikwenda kwa Haraka akamwomba abadilishe majina yale kwenye mfano. Alinisimulia jioni akiwa amelaza kichwa mezani.

"Akasema, 'Mama, jina refu linachosha vidole.' Nikamwambia, 'Na fupi linachosha kichwa. Vidole unavyo kumi, kichwa unacho kimoja.'"

"Akasemaje?"

"Alicheka. Halafu akasema watu wakijua kazi wataelewa. Nikamwambia mwongozo huu si wa wanaojua kazi. Akasema, 'Ndiyo maana unafutwa.' Halafu akaona amesema vibaya, akayabadilisha majina yote kabla ya chakula cha mchana. Si mbaya. Ana haraka."

Jumamosi ya tatu nilifika mwisho. Nilisoma kila hatua, nikafanya kilichoandikwa na si zaidi, na saa kumi jioni ukurasa ukafunguka kwenye kioo: maktaba yangu, na ndani yake vitabu vitatu nilivyoviandika mwenyewe kimoja kimoja kwa kidole kimoja. Kimoja nilikipa jina la mama mkwe. Nilitaka kucheka nikaona aibu. Mke wangu aliweka mkono begani kwangu, akauacha hapo muda mrefu, mzito kama wa mtu aliyesinzia.

Siku ya jaribio ilikuwa Alhamisi, saa tatu asubuhi. Nilivaa shati la harusi za watu. Chumba chao cha mikutano kina meza ndefu na ukuta mmoja wa kioo, na viti kumi na viwili ambavyo nilivikagua kwa macho kabla sijawaangalia watu. Changu kilikuwa na mguu uliolegea. Nilikaa kwa uangalifu. Walikuwepo Mkuu, Haraka, na mainjinia wengine wanne, kila mmoja na kompyuta yake mbele yake. Mke wangu alikalishwa kwenye kona karibu na mlango, na Mkuu akamkumbusha kwamba haruhusiwi kusema lolote. Akaitikia kwa kichwa. Ni kama kumwambia samaki asikimbie.

Wakafungua boksi mbele yetu, wakabandua karatasi ya plastiki iliyokuwa juu ya kioo, wakawasha. Nikapewa mwongozo uliochapwa. Nilisema moyoni kwamba njia hii naijua, nimeipita.

Hatua ya kwanza inasema ufungue sehemu ya kuandikia amri, uandike maneno matatu: kiunzi anza maktaba. Nikaandika. Nyumbani maneno hayo yakishaandikwa, kompyuta huwaza kidogo ikaanza kushusha mistari ya kijani. Hii ilitoa mstari mmoja mwekundu ukisema haijui neno "kiunzi".

Nikafuta, nikaandika tena herufi moja moja. Nyekundu. Nikaandika mara ya tatu.

"Fundi," Haraka akasema, "hiyo si misumari. Usigonge hivyo."

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha asubuhi. Jasho likanishuka mgongoni. Mkuu akatazama saa yake, na nikamwona mke wangu pale konani amefumba macho. Nikajua kwamba nimemponza. Miaka minne yake yote imekwama kwenye vidole vyangu, kwenye hatua ya kwanza.

"Samahani," nikasema. "Nimekosea mimi. Sijui nimekosea wapi."

Ndipo nikasikia mnong'ono. Ulikuwa mdogo, lakini chumba kizima kilinyamaza ili kiusikie.

"Usiombe radhi, Fundi. Sema umeona nini."

"Mwalimu, tulikubaliana," Mkuu akasema.

"Simsaidii. Namwambia aseme alichokiona."

Nikaweka kidole kwenye mstari wa kwanza. "Mwongozo umesema niandike maneno haya matatu. Nimeandika. Mashine inasema haiyajui."

"Kwangu inafanya kazi," injinia mmoja akasema, akiwa tayari ameandika kwenye kompyuta yake. Mwingine akajaribu. "Hata kwangu." Wote watano wakajaribu, wote ikawafanyia. Wakaniangalia kwa huruma, na huruma hiyo ilikuwa mbaya kuliko kicheko.

Haraka akasimama. "Hebu nipishe, mzee wangu." Akakaa, akaandika kwa kasi yake. Nyekundu. Akaandika tena. Nyekundu. Akasogeza kiti, akakunja mikono ya shati.

"Mashine mbovu hii."

Wakaleta boksi la pili. Wakalifungua, wakabandua, wakawasha. Nyekundu ile ile.

Sasa hakuna aliyecheka. Ilipita kama robo saa, wamejazana juu ya kompyuta ile kama watu waliozunguka gari lililogoma. Mwishowe injinia mmoja ambaye alikuwa hajasema kitu tangu asubuhi akauliza polepole, "Kwani sisi kompyuta zetu tuliziwekaje mwanzoni?"

Wakatazamana. Hakuna aliyekumbuka, kwa sababu hakuna aliyewahi kuiweka ya kwake. Kila aliyeajiriwa pale alipewa kompyuta iliyokwisha kutayarishwa na mzee mmoja waliyemwita Babu Waya. Babu Waya alistaafu miaka miwili iliyopita, na waliokuja baada yake walinakili mashine nzima kutoka kwa mwenzao, kama mtu anavyokata kipande cha unga uliochachuka akaanzishia mwingine. Hata ile ya mke wangu niliyojifunzia nyumbani ilipita mikononi mwa Babu Waya.

Mkuu akampigia simu, akaiweka mezani ili wote wasikie. Ilisikika sauti ya maji yakimwagika kwenye ndoo.

"Nani? Mkuu! Nipo bustanini nanyeshea. Kuna nini, mmeunguza kitu?"

Mkuu akamweleza.

"Aa, ile programu ndogo ya kupakia programu nyingine! Hiyo lazima iwepo kabla ya kitu chochote. Bila hiyo kiunzi hakijulikani kabisa. Kwani hamkuiandika kwenye mwongozo?"

"Wewe hukuiandika, Babu," Haraka akasema.

"Mimi niliulizwa lini? Mimi nilikuwa naweka. Miaka yote naweka, mnakuja mnachukua, mnaondoka. Haya, funga bomba, mama, yanamwagika! Mkuu, nitawapigia."

Simu ikakatika. Mkuu akaendelea kuitazama.

"Lakini watu wanakitumia kiunzi chetu," akasema. "Wapo wengi."

"Waliokwisha kuwa mafundi wanayo tayari hiyo programu," Haraka akajibu, na sauti yake haikuwa na haraka tena. "Wameiweka kwa kazi nyingine. Wasiokuwa nayo ndio wanaoanza."

Mke wangu alikuwa amesimama. Alikuwa ameshika ukuta.

"Niliwaambia waangalie herufi," akasema.

Haraka aligeuka kumtazama.

"Waliniandikia kwamba mashine haijui neno. Wote waliandika hivyo hivyo. Na mimi nikawaambia waangalie herufi, waangalie nafasi, wajaribu tena. Nikajaribu kwenye yangu, ikafanya, nikaona wao ndio wanaokosea. Miaka minne."

"Barua hizo unazo?" Mkuu akauliza.

"Zote. Mia nne na kitu."

Mkuu alikaa akisugua macho. Angeweza kusema kwamba makubaliano yalikuwa nifike mwisho na sikufika hata mwanzo. Naamini alilifikiria. Sharti lile la boksi alilitoa yeye, kwa kutomwamini mke wangu, na bila sharti lile ningekaa kwenye kompyuta yake ya nyumbani nikafaulu, tukapongezana, na mwongozo ungeendelea kuwa mbovu vile vile. Sijui kama hilo nalo alilifikiria.

"Iandike," akamwambia. "Sasa hivi, hapa. Halafu fundi aendelee."

Akaandika hatua hiyo mbele yao. Aya tatu, kama nusu saa. Haraka alikaa kando yake akimjibu maswali, na kila alipoanza kusema "hapa unaweka tu", mke wangu aliinua kalamu, naye akarudia sentensi bila neno hilo. Nikaisoma. Nikafanya kilichoandikwa. Mistari ya kijani ikaanza kushuka. Ilikuwa saa kumi kasoro nilipofika kwenye vitabu vitatu, na kufikia hapo wote walikuwa na njaa na hakuna aliyepiga makofi. Mkuu aliinama akakisoma kioo, akauliza hilo la kwenye kitabu cha tatu ni jina la nani, nikamwambia la mama mkwe.

"Haya," akasema. "Mwongozo unabaki." Akatoka, akafunga mlango polepole.

Kabla ya kuondoka niliomba bisibisi nikaukaza ule mguu wa kiti.

Nyumbani mama mkwe alisikiliza habari yote akichambua mchele, hakukatiza hata mara moja, jambo la ajabu kwake. Tulipomaliza akasema, "Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini wenyeji wenyewe wagumu. Mpaka mgeni atokwe na jasho ndipo wenyeji wakubali kwamba wanaumwa." Kisha akataka kujua kitabu chenye jina lake kinahusu nini.

Nilidhani mke wangu angepumzika. Badala yake alianza kuwaandikia wale mia nne na kitu. Hakuwaandikia barua moja iliyonakiliwa. Kila mmoja alimtaja jina, akamkumbusha tarehe aliyoandika na alichouliza, kisha akaandika: hukukosea wewe, tulisahau sisi, na hatua iliyokosekana ni hii. Alifanya hivyo kila siku baada ya kazi yake ya kawaida, kama kumi, kama kumi na tano, mpaka chai inapoa kando yake. Nilimwambia asijitese. Akaniambia kwamba alipokuwa darasani, akigundua amewafundisha watoto hesabu kimakosa, alikuwa anarudi kesho yake anasema mbele yao, nimekosea, futeni. Hajawahi kumwacha mtoto na kosa ambalo si lake.

Nyingi zilirudi, anuani zimekufa. Nyingi hazikujibiwa. Mmoja alijibu: asante dada, lakini nilishaachana na mambo hayo, sasa nauza viatu, na wakati ule nililia. Hiyo aliisoma mara moja, akaenda kukaa uani. Nilimpelekea kiti.

Kule kazini barua mpya zilipungua, kisha zikakoma. Asubuhi alifungua sanduku la barua akakuta pakavu. Kwa mtu aliyezoea kelele za darasa, ukimya hauna raha hata ukiwa wa kheri. Alikuwa akikaa mbele yake anasubiri, kama mwalimu aliyeuliza swali na hakuna anayenyoosha mkono.

Wiki ya saba, nikiwa najifunga viatu niende karakana, nikasikia akiniita kwa ule mnong'ono. Nikazima redio.

"Njoo usome hii."

Ilitoka kwa mwanamke mmoja kati ya wale mia nne, aliyeandika mara ya kwanza miaka mitatu iliyopita akasema labda yeye hana akili ya mambo haya. Ilikuwa fupi. "Mwalimu, nimepata barua yako. Nimeanza upya. Nimekwama hatua ya kumi na moja. Hamjaeleza kitabu kikirudishwa kinafutwaje kwa aliyeazima. Nadhani mmesahau kitu."

Haikuwa na samahani hata moja.

"Mbona mimi sikukwama hapo?" nikauliza.

"Wewe vitabu vyako havikuazimwa na mtu." Alikuwa na macho mekundu ya uchovu, na mdomo ulikuwa unataka kucheka, haujakumbuka njia. "Fundi, katika barua zote hizi hakuna aliyewahi kukwama hatua ya kumi na moja. Hakuna aliyewahi kufika."

Akavuta daftari, akafungua ukurasa mpya, akanionyesha kwa kidevu kiti cha mbele ya kompyuta. Nikafungua tena viatu.